Somo Lililokosa Nafasi Kanisani

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa Januari mwaka wa 2022, na uchaguzi mkuu ulikuwa umebakiza miezi isiyotimia saba. Katika kanisa ninaloabudu, zamu ya kusoma somo la kwanza ilikuwa yangu. Kalenda ya masomo ilitupangia Kitabu cha Nehemia, mlango wa nane, ile habari ya Ezra kuhani kupanda juu ya mimbari ya mti na kuwasomea watu torati tangu mapambazuko hata adhuhuri. Usiku wa kuamkia siku hiyo nililipitia somo mara tatu, maana mimi ni mwalimu, na mwalimu akigugumia mbele ya wanafunzi wake kanisani, jambo hilo halisahauliki upesi shuleni.

Kabla ya wimbo wa pili, mzee mmoja wa kanisa alinijia kwa kunyata, akaniinamia sikioni. "Mwalimu, leo utatuwia radhi," akasema. "Mheshimiwa amefika, na ana makanisa mengine mawili ya kupitia. Somo la kwanza tutaliacha kwa ajili ya muda." Nikaitikia kwa kichwa. Mheshimiwa akapanda mimbarini, akazungumza kwa dakika 45. Alitueleza habari za barabara, habari za mbolea, na habari za wapinzani wake ambao hawakuwapo kujitetea. Mwisho akatoa bahasha ya kulisaidia paa letu lililokuwa likivuja. Waumini walipiga makofi, na sitawaficha wasomaji kwamba nami nilipiga.

Siku ya pili yake mwanafunzi wa kidato cha pili, aliyekuwa ameliona jina langu kwenye karatasi ya matangazo mlangoni mwa kanisa, aliniuliza, "Mwalimu, mbona jana hukusoma?" Nikamjibu kwamba muda ulikuwa mchache. "Haya, mwalimu," akasema, akaenda zake. Jioni hiyo nililisoma somo lile kwa sauti nikiwa peke yangu, saa mkononi. Halikufika dakika 4.

Msomaji asidhani nimeketi kuandika ili kuwasuta wanasiasa. Mwanasiasa aliyepewa mimbari ataitumia, kama vile fundi aliyepewa msumeno atakavyokata. Ninalouliza ni juu yetu sisi wenye kanisa: tumekielewaje kile tulichoitiwa kufanya pale, hata kitabu chetu wenyewe kikawa ndicho cha kwanza kuondolewa muda unapobana? Kwaya haikupunguzwa hata wimbo mmoja siku ile. Matangazo yalisomwa yote.

Nimefundisha habari za Nehemia kwa miaka mingi katika Elimu ya Dini ya Kikristo. Wanafunzi wangu waliweza kuzitaja sifa zake za uongozi pasi na kusita, wakapata alama zao katika mtihani, nami nikaridhika. Lakini ile Jumatatu ndiyo niliyoutazama mlango wa nane kana kwamba sijapata kuuona. Mwanzo wake unasema kwamba watu wenyewe ndio waliokusanyika uwanjani na kumwambia Ezra akilete kitabu, hakulazimishwa mtu. Halafu kuna habari ya Nehemia mwenyewe. Huyu alikuwa liwali, mtu wa serikali ya Uajemi, aliyesimamia ujenzi wa ukuta wa Yerusalemu hata ukamalizika kwa siku 52. Kama kuna kiongozi aliyekuwa na miradi ya maendeleo ya kuitangaza mbele ya mkutano, ni yeye. Ila aya ya nne imeorodhesha majina 13 ya watu waliosimama kuume na kushoto kwa Ezra pale mimbarini, na jina la liwali halimo. Anakuja kutajwa baadaye, pamoja na Ezra na Walawi, akiwatuliza watu waliokuwa wakilia kwa sababu ya yale waliyoyasikia yakisomwa. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kuwauliza wanafunzi liwali alikuwa wapi siku kitabu kiliposomwa.

Nalijua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimelisikia katika vikao vya kamati. Mkono mtupu haulambwi, mwalimu. Paa haliezekwi kwa maombi. Kanisa lina shule, lina hospitali, lina mayatima na wajane, na yote hayo yanataka fedha. Jibu hili si la kudharauliwa. Mimi mwenyewe nilijulia kusoma katika shule iliyoanzishwa na wamisionari, na sijasahau wali wa bure tuliokula pale mwaka wa njaa. Hata mitume, katika mlango wa sita wa Matendo, hawakulipuuza shauri la wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku. Walichagua watu saba wa kulishughulikia, wao wakabaki katika maombi na neno. Meza ziliandaliwa, na neno halikuachwa.

Ila mbele kidogo, katika mlango wa nane wa kitabu hicho hicho, wanakutwa watu wawili ambao natamani kila kamati ya ujenzi ya kanisa iwafikirie. Wa kwanza ni Simoni wa Samaria, mchawi aliyekuwa na jina kubwa mjini. Alipoona kwamba watu wanapokea Roho kwa kuwekewa mikono na mitume, aliwaletea Petro na Yohana fedha ili naye apate uwezo huo. Petro alimkatalia kwa maneno makali mno, makali kuliko ningeweza mimi kumwambia mtu aliyeleta bahasha. Wa pili ni towashi wa Kushi, mwenye kuitunza hazina yote ya Kandake malkia. Alikuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu, ameketi garini mwake, anasoma chuo cha nabii Isaya asikielewe. Filipo alimkimbilia, akamwuliza kama anayafahamu anayoyasoma.

Hebu fikiri. Mbele ya Filipo yuko waziri wa fedha wa ufalme mzima, naye hamwulizi neno lolote juu ya hazina. Anamwuliza juu ya kitabu, kisha anapanda garini na kuketi naye, wakalianza andiko pale pale alipokuwa amefika. Sisi tunampa Simoni kiti cha mbele, na huyu wa Kushi tunamwacha aendelee na safari yake peke yake, kitabu mapajani.

Wako watakaosema kwamba kulishika Andiko na kuitambua kazi ya kiroho ya kanisa maana yake ni kunyamazia mambo ya nchi. Hao naona wameisahau historia yetu ya karibu. Mwaka wa 1987, nchi ilipokuwa ikielekea kwenye uchaguzi wa mlolongo, David Gitari, aliyekuwa wakati huo askofu wa Kianglikana wa Mlima Kenya Mashariki, alihubiri mfululizo wa mahubiri yaliyowatia wakubwa hasira. Moja lilikuwa juu ya Danieli katika tundu la simba. Gitari alikuwa na desturi ya kulifungua Andiko na kulifuata aya kwa aya, akieleza maana yake wakati lilipoandikwa na maana yake kwa wasikilizaji wake. Mwaka wa 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku. Yeye aliingia katika mambo ya taifa kwa mlango wa Andiko, kitabu kikiwa wazi mkononi. Mgeni wetu wa mwaka wa 2022 aliingia katika ibada baada ya kitabu kufungwa. Mtu anaweza kuyaita yote mawili siasa kanisani, lakini atakuwa amechanganya maziwa na chokaa kwa sababu vyote ni vyeupe.

Ni haki kutaja kwamba makanisa mengine yamejaribu kujirudi. Septemba 2021, katika ibada ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana aliwakatalia wanasiasa nafasi ya kuhutubia ibadani. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliukataa mchango wa shilingi milioni 2.6 ambao Rais William Ruto aliutoa katika kanisa la Soweto, akaagiza urudishwe. Mambo hayo yalihitaji ujasiri. Swali langu, la kimwalimu tu, ni hili: muda uliookolewa kwa kumnyima mgeni mimbari umejazwa na nini? Nimehudhuria ibada isiyokuwa na mwanasiasa hata mmoja, na mnada wa jogoo na ndizi ukatuchukua saa nzima, kisha mhubiri akaambiwa afupishe.

Lawama hii siikwepi mimi na walimu wenzangu. Wazee wetu wa kwanza kuupokea Ukristo waliitwa wasomaji. Kwa Wakikuyu waliitwa athomi, kwa Wajaluo josomo, na kule Buganda abasomi. Kusoma na kuamini vilikuwa jambo moja machoni pa majirani zao. Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na katika mwaka huo huo, uliomnyang'anya mke wake na kitoto chao kichanga, alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Biblia nzima ya Kiswahili ambayo wengi wetu tumekua nayo ilitoka mwaka wa 1952. Kazi ya zaidi ya miaka mia moja ilifanywa ili mkulima na mvuvi waweze kujisomea wenyewe. Nasi walimu tumekichukua kitabu hicho tukakigeuza kuwa orodha za kukariri: sababu tano, mafundisho sita, sifa saba. Mwanafunzi anamaliza kidato cha nne akiwa na alama ya A katika somo la dini, ilhali hajapata kusoma Injili ya Luka kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kikao kimoja.

Madhara yake si ya mtihani tu. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ya watu wanaosemekana kuambiwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Watoto walikuwamo. Washtakiwa waliyakana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama, si yangu. Ninachojua ni kwamba Mateso ya namna hii hayaanzi msituni. Huanza pale mtu anapozoea kusomewa na kufafanuliwa na mwingine, asiweze kusema, "Hebu nionyeshe palipoandikwa." Watu wa Beroya, katika mlango wa 17 wa Matendo, walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko kila siku waone kama yale aliyowaambia Paulo ni kweli. Aliyechunguzwa alikuwa Paulo, na wala hakuchukia.

Kalenda yetu ya masomo huzunguka kwa miaka mitatu, kwa hiyo Nehemia alirudi Januari 2025. Paa lilikuwa limekwisha kuezekwa kwa mabati mekundu, na sharti nikiri kwamba ni zuri na halivuji. Zamu ya kusoma haikuwa yangu safari hii. Alipangwa msichana mmoja wa sekondari ya jirani, mdogo wa umbo, ikabidi kipaza sauti kishushwe. Karatasi ilimwelekeza airuke aya ya nne, kama kalenda inavyofanya. Hakuiruka. Akayasoma majina yote 13, la kuume na la kushoto, akajikwaa kwa Hashbadana, akarudi nyuma, akalisoma tena sawasawa. Yule mzee wa kanisa aliitazama saa yake. Hakuna aliyeinuka kumwendea.