Mchapaji aliyezijua siri

Nilipoanza somo la sheria ya kampuni nilidhani suala la kununua hisa kwa taarifa za ndani ni jepesi: ukiwa na siri, usiguse soko, basi. Ni kama mtihani uliovuja. Kisha tukasoma kesi ya Vincent Chiarella, na mimi na mwenzangu wa chumbani tukabishana siku mbili nzima.

Chiarella alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya uchapaji New York miaka ya 1970. Mikononi mwake zilipita nyaraka za kampuni zilizotaka kununua kampuni nyingine. Majina yalifichwa hadi usiku wa mwisho, lakini jamaa alisoma maelezo mengine akayang'amua. Ananunua hisa za kampuni inayowindwa, anangoja ofa itangazwe, bei inapanda, anauza. Katika miezi 14 alipata zaidi kidogo ya dola 30,000.

Mwizi, siyo? Mahakama za chini zilimtia hatiani. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamwachia.

Shida ni kwamba sheria yao ya 1934 inakataza udanganyifu, haisemi taarifa za ndani ni nini. Kanuni ya 10b-5 ya mwaka 1942 ilitungwa haraka haraka baada ya kusikika kwamba mkuu wa kampuni moja Boston anawaambia wanahisa mambo ni mabaya, huku akizinunua hisa zao. Huyo alisema uongo. Chiarella alinyamaza tu. Majaji wakasema kunyamaza ni udanganyifu pale tu unapowajibika kusema, na mchapaji hakuwa na wajibu wowote kwa wanahisa waliomuuzia. Kwamba alimsaliti mwajiri wake? Hoja hiyo baraza la wazee wa mahakama halikupewa, kwa hiyo ikaachwa kiporo.

Mwaka huohuo mamlaka ya masoko ikatunga kanuni ya 14e-3, kuziba pengo hilo kwenye ofa za kununua kampuni. Kiporo chenyewe kilipakuliwa 1997. James O'Hagan, wakili wa Minneapolis, alitumia siri ya mteja wa ofisi yake aliyetaka kuinunua kampuni ya Pillsbury, akavuna zaidi ya dola milioni 4.3. Safari hii Mahakama ya Juu ikakubali: kuitumia kwa siri taarifa ya mtu aliyekuamini ni udanganyifu dhidi yake.

Kwa kipimo hicho Chiarella angenaswa. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Mwenzangu anasema alijua fika, maana pale kazini matangazo ya onyo yalibandikwa kwenye kila saa ya kuandikisha mahudhurio. Mimi namwambia onyo la mwajiri si sheria ya jinai, na jamaa alishafukuzwa kazi na kurudisha faida yote kabla hata hajashtakiwa. Huwezi kumfunga mtu leo kwa kanuni utakayoipata miaka 17 baadaye.

Juzi kaniuliza: na wale waliomuuzia hisa, nani aliwauliza?