"Iko kwenye manunuzi": jibu hilo lina maana gani, na mtoto asubiri mpaka lini?

Familia nyingi zetu zenye mtoto wa elimu maalumu hapa Marekani zimeshaisikia sentensi hii: "Iko kwenye manunuzi." Kifaa cha kuongelea kiliandikwa kwenye mpango wa mtoto mwezi wa tisa. Sasa ni Januari, na jibu ni lile lile. Mama anamgeukia mkubwa wa nyumba, yaani sisi tuliokulia hapa: "Hebu wapigie tena, uwaulize vizuri." Tunapiga. Tunaambiwa pesa ni ya serikali kuu, ina taratibu zake. Tunakata simu, tunamwambia mama: wamesema tusubiri.

Baada ya mazungumzo yetu ya IEP, wasikilizaji wengi wanataka kujua hapo kwenye "taratibu" kuna nini hasa. Basi leo tuifungue hiyo sentensi. Jambo tunalotaka ubaki nalo ni hili: taratibu za ununuzi ni za kweli, na zina faida kwetu, lakini zinaifunga wilaya ya shule. Hazimfungi mtoto.

Pesa inatoka wapi

Mwaka 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyozilazimisha shule za umma kumsomesha kila mtoto mwenye ulemavu bila malipo. Leo sheria hiyo inaitwa IDEA, jina lililoanza kutumika mwaka 1990. Bunge la Marekani lilijiwekea lengo kwamba serikali kuu ingefika hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi mmoja nchini, kwa kila mtoto wa elimu maalumu. Miaka ya karibuni mchango wenyewe umekuwa chini ya asilimia 15. Sehemu kubwa ya gharama inabebwa na jimbo pamoja na kodi za mtaani kwenu.

Hii ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Mtu akikwambia "hela ya serikali kuu imeisha", anaweza kuwa anasema kweli kuhusu fungu moja. Lakini haki ya mtoto haikuandikwa juu ya fungu hilo. Fungu likiisha, wilaya inatafuta fungu jingine. Hiyo ni kazi ya wilaya, si ya mama yako.

Safari ya kifaa kimoja

Tuseme mpango wa mtoto unasema anahitaji kifaa cha kuongelea. Kinaweza kuwa tableti ya dola mia kadhaa yenye programu yake, au mashine maalumu ya dola elfu kadhaa. Kwa kawaida safari yake inakuwa hivi.

Mtaalamu wa mawasiliano au mwalimu anajaza ombi. Idara ya elimu maalumu inaangalia kama kweli linatokana na mahitaji ya mtoto, na kama fungu la IDEA linaruhusiwa kulipia. Hapa kuna kanuni mbili nzito. Ya kwanza: pesa hii ni ya gharama za ziada zinazoletwa na elimu maalumu, si ya kuendeshea shule nzima. Ya pili: inaongeza juu ya kile ambacho jimbo na wilaya zinatoa, haiji kuziba nafasi yake. Mkuu wa shule akitaka kubadilisha madawati ya jengo zima, asiangalie fungu hili.

Ombi likipita, linaenda ofisi ya fedha. Wanaangalia bajeti, wanaangalia muuzaji. Pesa ya serikali kuu hairuhusiwi kwenda kwa muuzaji aliyefungiwa kufanya kazi na serikali, kwa hiyo kwenye mikataba mikubwa lazima wahakikishe kwamba hajafungiwa. Kisha kiasi kinaamua njia. Kwa miaka kadhaa kiwango cha serikali kuu cha manunuzi madogo kilikuwa dola 10,000, na viwango hivi hupandishwa mara kwa mara. Chini ya hapo wilaya inaweza kununua bila kushindanisha bei, mradi bei iwe ya haki. Juu ya hapo lazima ipate bei kutoka kwa wauzaji kadhaa. Kwenye manunuzi makubwa zaidi inatangaza zabuni ya wazi. Jimbo au wilaya inaweza kujiwekea kiwango cha chini zaidi, na ikifanya hivyo, hicho cha chini ndicho kinachoifunga.

Ona sasa: kifaa cha mtoto mmoja mara nyingi kinaangukia kwenye manunuzi madogo. Zabuni haihusiki hapo. Hata pale ambapo kifaa kinachofaa kinauzwa na kampuni moja tu, kanuni zinaruhusu kununua kwa muuzaji huyo mmoja, sababu ikiandikwa. Kinachoweza kuchukua muda mrefu ni mkataba wa huduma, kwa mfano wilaya inapokodi wataalamu kutoka kampuni ya nje. Mkataba mkubwa unaweza kuhitaji kura ya bodi ya shule, na bodi nyingi hukutana mara moja au mbili tu kwa mwezi.

Mwisho inatolewa oda ya ununuzi, ile ambayo Nairobi na Dar wanaiita LPO. Kifaa kinafika, mtu anakipokea na kukikagua, ankara inalipwa. Kinabandikwa namba na kuingizwa kwenye daftari la mali.

Kwa nini tusizichukie taratibu

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pesa ya watoto wenye ulemavu ni rahisi sana kupotea, kwa sababu watoto wenyewe wengi hawawezi kusimama na kusema hawajaipata.

Ndiyo maana anayeomba kitu asiwe yeye huyo huyo anayeidhinisha, anayepokea na anayelipa. Ndiyo maana mfanyakazi mwenye maslahi kwenye kampuni fulani haruhusiwi kushiriki kuichagua. Vifaa vya bei kubwa vinavyonunuliwa kwa ruzuku ya serikali kuu lazima vihesabiwe angalau mara moja kila miaka miwili: kiko wapi, kina hali gani, kilinunuliwa kwa fungu gani. Wilaya inayotumia pesa nyingi za serikali kuu kwa mwaka lazima ikaguliwe na mkaguzi wa nje. Kiwango kilikuwa dola 750,000, kisha kikapandishwa hadi dola 1,000,000 kwa miaka ya fedha iliyoanza Oktoba 2024 au baadaye. Ripoti za ukaguzi huo zinawekwa kwenye mtandao wa serikali, na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Wewe pia.

Kuna saa nyingine inayotembea kimyakimya. Kila ruzuku ya IDEA ina muda wake wa kutumika, jumla yake kama miezi 27, kisha mlango unafungwa tarehe 30 Septemba. Pesa ambayo haijawekewa oda wala mkataba kufikia hapo inarudi. Kwa hiyo wilaya inayochelewesha manunuzi haitunzi pesa. Inaweza kuipoteza.

Sheria inasema nini kuhusu kusubiri

Hapa ndipo penye uzito. Kanuni za IDEA zinasema mpango wa mtoto ukishaandikwa, huduma zake zianze mapema iwezekanavyo. Pia zinalitaka jimbo lihakikishe utekelezaji hauchelewi, hata pale ambapo bado inajadiliwa nani atalipa. Hazitaji idadi ya siku kwa kila kifaa, na ndiyo sababu inabidi mtu aulize. Lakini hakuna mahali zinaposema mtoto asubiri mpaka ofisi ya fedha ijipange.

Gharama nayo ilishafika Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1999, katika kesi ya wilaya ya shule ya Cedar Rapids, jimbo la Iowa, mwanafunzi aliyekuwa akipumua kwa mashine alihitaji mtu wa kumhudumia muda wote akiwa shuleni. Wilaya ilisema huduma hiyo ni ghali mno. Majaji 7 dhidi ya 2 waliamua kwamba huduma hiyo imo ndani ya sheria, na lazima itolewe. Ukubwa wa bili haukuifuta haki.

Na bado mama zetu wanasubiri. Tuseme ukweli kwa nini. Wengi walipitia Nyarugusu, Kakuma au kambi nyingine, ambako unapanga foleni, unapokea ulichopewa, na anayelalamika anajulikana. Wengine walizoea ofisi za "njoo kesho". Mtu wa namna hiyo akiambiwa "subiri" kwa sauti ya upole na mwalimu anayetabasamu, anashukuru na kuondoka. Heshima hiyo si kosa. Ila kifaa kilichoandikwa kwenye IEP si mgao. Mgao unategemea kilichobaki kwenye stoo. IEP ni ahadi ya kisheria yenye jina la mtoto wako juu yake.

Na kusubiri kuna bei. Mtoto wa miaka minne asiyeweza kusema "naumwa" au "nataka maji" hasimami mahali pamoja huku karatasi zikizunguka. Anajifunza kulia, kupiga, au kunyamaza. Miezi minne kwenye meza ya ofisi ni miezi minne ya umri wake.

Cha kufanya, kwa utaratibu

Kwanza, acha kuuliza "kitakuja lini?" Swali hilo lina jibu moja tu, nalo ni "karibuni". Uliza hatua: Ombi liliingizwa tarehe ngapi? Limeshaidhinishwa? Oda ya ununuzi imetoka, na namba yake ni ipi? Muuzaji amesema atatuma lini? Mtu akikosa jibu la swali la kwanza, umeshagundua kwamba huenda ombi lenyewe halijaandikwa.

Pili, uliza kwa maandishi. Barua pepe fupi yenye adabu inatosha, yenye jina la mtoto, kile IEP inachosema na tarehe ya mkutano. Simu haina kumbukumbu.

Tatu, omba cha kuazima. Mwambie msimamizi wa elimu maalumu: wakati oda inatembea, mtoto atumie nini kuanzia wiki hii? Wilaya inaweza kuwa na kifaa kwenye stoo, na majimbo yana programu za kuazimisha vifaa vya aina hii. Jibu liandikwe.

Nne, kifaa kikifika, uliza kama kinakuja nyumbani. Kikao cha IEP kikiamua kwamba mtoto anakihitaji nyumbani pia ili elimu yake ifanye kazi, shule lazima imruhusu, hata kama ni mali ya wilaya yenye namba yake. Mtoto haongei shuleni tu.

Tano, usikimbilie kununua kwa hela yako ukitegemea kurudishiwa. Tunaelewa uchungu. Lakini risiti yako haikupita kwenye hatua zile, na kuidai inaweza kuwa kesi ndefu. Kabla ya kutoa kadi ya benki, pata ahadi iliyoandikwa.

Sita, shule ikikataa, idai ukatae huo kwa maandishi, pamoja na sababu, katika lugha ambayo mzazi anaielewa. Hiyo ni haki. Mkalimani kwenye mkutano wa IEP naye ni jukumu la shule. Wewe dada mkubwa, kaka mkubwa, kaa pembeni ya mama kama mtoto wake. Ukiwa mkalimani huwezi kumsemea ndugu yako.

Saba, kama miezi inapita na hakuna kinachosogea, mzazi anaweza kuandika malalamiko kwa idara ya elimu ya jimbo. Hayahitaji wakili. Yahusu jambo lililotokea ndani ya mwaka mmoja, nakala ipelekwe kwa wilaya, na kwa kawaida jimbo lina siku 60 za kuchunguza na kutoa uamuzi. Kila jimbo pia lina angalau kituo kimoja cha kuwasaidia wazazi wa watoto wenye ulemavu, kinacholipiwa na serikali kuu. Msaada wao ni bure.

Na moja la nyongeza kwa wale wanaopenda kusoma karatasi: wilaya inalazimika kuweka wazi kwa wazazi na kwa umma nyaraka zinazoonyesha kwamba inastahili pesa ya IDEA. Ziombe. Ajenda za bodi ya shule nazo mara nyingi ziko kwenye tovuti ya wilaya, pamoja na mikataba inayopigiwa kura.

Hatuandiki haya ili kila mtu aende shuleni na ngumi mkononi. Walimu wengi wa elimu maalumu wanaumia kama sisi, na wengine wangefurahi sana mzazi akiuliza kwa maandishi, kwa sababu barua yake inawapa nguvu wao pia. Karani wa manunuzi naye anafanya kazi yake. Wote wana daftari lao. Familia nayo iwe na lake: daftari la shilingi mia kama lile la nyumbani, lenye tarehe, jina la aliyejibu, na alichosema. Kama mama anaandika kwa Kiswahili, aandike kwa Kiswahili. Tarehe ni tarehe katika lugha zote.