Eringeti: Simu ya zamani inaweza kumpa mkulima wa kakao namba za shamba lake

Huko Eringeti, karibu kilomita 60 kaskazini mwa mji wa Beni kwenye barabara ya taifa namba 4, mkulima wa kakao anajua mipaka ya shamba lake kwa miti, kwa kijito na kwa jina la jirani. Lakini soko la Ulaya linaanza kuomba kitu kingine: namba mbili zinazoonyesha mahali shamba lilipo duniani. Asiyeweza kuzisoma mwenyewe atangoja mjumbe wa mnunuzi apite na simu yake, achukue namba, kisha aondoke nazo.

Si lazima iwe hivyo. Simu nyingi za zamani zinazolala ndani ya nyumba, zenye kioo kilichopasuka au betri inayochoka haraka, bado zina uwezo wa kusoma namba hizo. Kinachokosekana ni programu fupi ya kuziomba na kuziandika vizuri. Kijana aliyejifunza kidogo lugha ya Python anaweza kuiandika kwa siku moja.

Kwa nini namba hizi zinaombwa

Tarehe 31 Mei 2023, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayokataza kuingiza katika nchi zake kakao, kahawa, mawese, soya, mpira, mbao na ng'ombe waliotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sheria haikufutwa. Kampuni inayopeleka kakao Ulaya inapaswa kuonyesha mahali ilipolimwa. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, nukta moja inatosha. Likizidi hapo, mzunguko wote wa mpaka unahitajika. Kila namba iwe na tarakimu sita baada ya nukta.

Katika wilaya ya Beni jambo hili si dogo. Ugonjwa wa kunyauka ulipoharibu mibuni katika miaka ya 1990, familia nyingi zilihamia kakao. Leo ndiyo inayolipa karo ya shule, matibabu na mabati ya nyumba. Kakao isiyo na namba inaweza kukosa mnunuzi wa Ulaya, au kununuliwa kwa bei ya chini na mtu atakayeipitisha njia nyingine.

Simu inajuaje mahali ilipo

Kuna njia mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Njia ya kwanza ni antene ya mtandao. Kila simu, hata ile ndogo ya vibonye, inajua imeshikwa na antene gani. Antene hutangaza namba zake: namba ya nchi, ya kampuni, ya eneo, na ya antene yenyewe. Namba ya nchi yetu ni 630, ya Uganda ni 641, ya Rwanda ni 635. Ndiyo maana mtu aliye Kasindi anaweza kuona simu yake imeshikwa na mtandao wa Uganda bila yeye kuvuka mpaka. Lakini antene moja inaweza kuhudumia kilomita nyingi. Inakuambia uko upande wa Eringeti, haikuambii uko katika shamba gani. Kwa kakao, njia hii haifai.

Njia ya pili ni setilaiti, yaani GPS. Simu inasikiliza ishara za setilaiti zinazozunguka juu, inapima muda ambao kila ishara imetumia kufika, kisha inapiga hesabu. Inahitaji setilaiti nne au zaidi. Hapa watu wengi wanadanganyika: GPS haili inite wala mega. Simu haitumi chochote, inapokea tu. Inafanya kazi hata pale ambapo hakuna mtandao kabisa. Mtandao unasaidia tu kuanza haraka. Bila mtandao, simu iliyozimwa muda mrefu inaweza kuchukua dakika kadhaa, wakati mwingine zaidi ya 10, kabla ya kupata mahali ilipo. Wengi hukata tamaa dakika ya pili na kusema simu imekufa.

Wazo lililopita Nairobi

Kuandikia simu programu kwa Python si jambo la jana. Kampuni ya Nokia ilitoa Python kwa simu zake za aina ya Series 60 mwishoni mwa 2004, na mwaka 2006 ikaufanya msimbo wake kuwa wazi kwa wote. Amri moja, gsm_location, ilitosha kuonyesha zile namba nne za antene. Baadaye, simu kama Nokia N95, iliyotoka 2007 ikiwa na GPS ndani yake, ziliweza kutoa namba za setilaiti kwa njia hiyo hiyo.

Afrika Mashariki ilishika wazo hilo mapema. Mtafiti Nathan Eagle wa chuo cha MIT cha Marekani aliendesha mpango ulioitwa EPROM, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakafundishwa kutengeneza programu za simu. Msingi wake ulikuwa rahisi: huku kwetu kompyuta ni chache, simu ni nyingi, basi mtu ajifunze kuandika programu kwenye kile alicho nacho mkononi.

Nokia za namna hiyo sasa ni chache, na betri zake ni shida kupata. Kilichobaki kwa wingi ni Android za miaka iliyopita, na hizo zinafaa zaidi.

Programu yenyewe inafanya nini

Kwenye Android kuanzia toleo la 7, kuna programu ya bure iitwayo Termux, pamoja na nyongeza yake Termux:API. Ndani yake mtu anaweka Python. Mega zinahitajika mara moja tu, wakati wa kuziweka, na hilo linaweza kufanyika Beni, Oicha au Butembo kabla ya kurudi kijijini.

Baada ya hapo, amri termux-location inaiuliza simu iko wapi, na Python inasoma jibu. Jibu lina vitu vitatu vya kuangalia: latitudo, yaani umbali kutoka ikweta kwenda kaskazini au kusini, longitudo, yaani umbali wa mashariki au magharibi, na kipimo cha uhakika kwa mita. Hicho cha tatu ndicho watu wanachosahau, nacho ndicho chenye thamani. Kikionyesha 8, maana yake simu inakadiria kwamba, mara mbili hivi kati ya tatu, uko ndani ya mita 8 kutoka pale inapoonyesha. Kikionyesha 900, imekupa makisio ya antene, si ya setilaiti.

Programu nzuri basi haichukui jibu la kwanza. Inaomba GPS peke yake. Inasoma mara 20 kwa dakika chache, inatupa kila jibu ambalo uhakika wake unazidi mita 10, inachukua wastani wa yaliyobaki, halafu inaandika mstari mmoja katika faili: namba ya siri ya shamba, tarehe, latitudo, longitudo, uhakika. Haizidi mistari 30 ya Python.

Makosa yanayouza shamba bila mwenyewe kujua

Hapa karibu na ikweta hesabu ni nyepesi. Digrii moja ni kama kilomita 111, pande zote. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni kilomita 11, ya pili ni kilomita moja, ya tatu ni mita 111, ya nne ni mita 11, ya tano ni mita moja, ya sita ni sentimita 11. Hakuna simu ya kawaida inayofikia sentimita 11, hasa chini ya majani ya kakao. Kwa hiyo tarakimu sita zinazoombwa ni namna ya kuandika tu, si ushahidi kwamba kipimo ni sahihi. Lakini anayeandika tarakimu mbili tu amelitupa shamba umbali wa karibu kilomita nzima, na huko panaweza kuwa msitu.

Kosa la pili ni alama. Eringeti iko kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo haina alama ya kutoa. Ukiiweka, shamba linaruka zaidi ya kilomita mia moja kusini, upande wa Ziwa Edouard. Kosa la tatu ni kugeuza namba, longitudo ikaandikwa mahali pa latitudo. Hapo kakao ya Eringeti inaonekana imeota katika jangwa la Algeria. Python inaweza kuzuia makosa yote mawili kwa mstari mmoja: namba ikitoka nje ya eneo la Beni, ikatae na kumwambia mtu arudie.

Kuna na shida ya kivuli. Kakao iliyopandwa chini ya miti mikubwa, ukiitazama kwa picha za setilaiti, inafanana na msitu. Mkulima mwenye nukta iliyochukuliwa vizuri, na tarehe yake, ana pa kuanzia kujitetea. Asiye nayo anategemea neno la mwingine.

Namba inayoweza pia kuua

Yote haya yanafanyika mahali ambapo watu wanauawa mashambani. Mauaji katika wilaya ya Beni yameendelea tangu Oktoba 2014. Tarehe 29 Novemba 2015 Eringeti yenyewe ilishambuliwa, hata hospitali haikuachwa. Jimbo limekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Kakao huibiwa ikiwa mtini. Mtu anayezunguka msituni na simu akiandika namba anaweza kudhaniwa mpelelezi na yeyote atakayekutana naye.

Ndiyo maana kazi hii inataka adabu kuliko ufundi. Shefu wa kijiji na wenye mamlaka ya usalama wajulishwe kwanza. Hakuna mtu wa kwenda shambani kwa ajili ya namba tu, siku ambayo asingekwenda kulima. Shamba halihami: nukta iliyochukuliwa siku moja ya utulivu inatosha, na aliyekimbia anaweza kubaki nayo hadi atakaporudi.

Faili isiwe na majina. Namba ya siri ikae simuni, na daftari inayosema namba ipi ni ya nani ikae kwingine, kwa mtu mmoja anayeaminiwa na wakulima. Orodha isitumwe katika vikundi vya WhatsApp. Picha za shamba nazo zichunguzwe, maana simu ikiwa imewashwa mahali, picha inaweza kubeba namba hizo ndani yake bila kuonekana.

Orodha kamili ya mashamba, na nani ana magunia mangapi, ni ramani ya mnunuzi. Ikianguka katika mikono mibaya, ni ramani ya mwizi. Sheria ya nchi kuhusu mambo ya kidijitali, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Mkulima ana haki ya kumuuliza anayekuja kupima: namba hizi zinakwenda wapi, nani atazisoma, na nakala yangu iko wapi?

Nukta ya GPS si hati ya ardhi, na haimalizi ugomvi wa mpaka kati ya ndugu. Lakini mkulima aliyeisoma mwenyewe, kwa simu ya zamani ya mtoto wake, akaiandika kwenye karatasi na kuiweka pamoja na kadi yake ya mchaguzi, anakuja kwenye mzani akiwa na namba ya kulinganisha na ile iliyoandikwa na mnunuzi. Zikitofautiana, anaweza kuomba shamba lipimwe tena kabla ya gunia kuondoka.