Saa mbili usiku si "two o'clock": makosa ya Kiingereza yanayotuponza ughaibuni

Leo tunaomba tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalichukulia mzaha, nalo ni Kiingereza chetu tunachokisema huku ughaibuni.

Tuanze na kisa tulichokishuhudia wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulimsindikiza mama mmoja wa visiwani kwenye mahojiano ya kuomba hifadhi hapa Uingereza. Mama huyu alikuwa na Kiingereza chake cha skuli, na alipoulizwa kama anahitaji mkalimani alikataa, akiona haya asije akadhaniwa hakusoma. Afisa akamuuliza watu waliomvamia nyumbani kwake walifika saa ngapi. Akajibu bila ya kusita: "two o'clock at night". Alikusudia saa mbili usiku, watu wametoka kusali Isha. Afisa yeye akaandika saa nane za usiku, kwani ndivyo alivyoambiwa.

Kijana wake alihojiwa siku nyengine, kwa Kiswahili, na mkalimani akafasiri saa mbili usiku kama inavyotakiwa, yaani "eight in the evening". Barua ilipokuja, mama na mwanawe wote wawili walikuwa hawakuaminiwa. Baina ya maelezo yao kulikuwa na tofauti ya saa sita. Ilibidi wakate rufaa, na zaidi ya mwaka ukapita mpaka wakili alipomueleza hakimu kuwa Waswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na si katikati ya usiku.

Tunapozungumzia makosa ya Kiingereza, kwa kawaida tunachekana kwa matamshi. Fulani anachanganya "l" na "r", fulani anasema "ship" na "sheep" kwa sauti moja, fulani anaongeza irabu mwisho wa neno. Makosa hayo yanasikika, na kwa sababu yanasikika mara nyingi Mzungu huuliza tena na mambo yakenda. Yanayotuponza ni yale yasiyosikika. Mama yule hakukosea sarufi hata kidogo. Sentensi yake ilikuwa safi, ila ilisema jambo jengine. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu hakuna aliyeona cha kuuliza.

Saa peke yake ina mitego miwili. Wa kwanza ni huo tulioutaja. Wa pili ni siku yenyewe. Kwa wazee wetu wa pwani siku inaanza magharibi. Kwa hivyo mzee akisema jambo lilitokea usiku wa Ijumaa, anakusudia usiku ambao Mzungu anauita wa Alkhamisi. Akiulizwa tarehe, anaweza kutofautiana kwa siku nzima na karatasi ya polisi au ya hospitali, na huku hakusema uongo.

Mtego mwengine ni "he" na "she". Kiswahili hakijali kama mtu ni mwanamme au mwanamke. Wote ni yeye, wote ni "alikuja", "alipigwa", "alichukuliwa". Sikio letu halikuzoea kutafuta tofauti hiyo. Mtu anaanza kusimulia habari za jirani yake kwa "he", na baada ya sentensi mbili jirani amekuwa "she". Sisi tunaofahamiana hatushtuki. Afisa anayeandika anaona watu wawili, na baadaye anauliza yule wa pili amepotelea wapi.

Kisha kuna ndiyo na hapana. Mswahili akiulizwa, "Hujawahi kukamatwa?" atajibu, "Ndiyo", maana yake ni kweli usemavyo, sijawahi. Mwingereza akiuliza vivyo hivyo kwa lugha yake na akajibiwa "yes", anaweza kufahamu kuwa umewahi kukamatwa. Neno moja limegeuza kila kitu. Dawa yake ni nyepesi: maswali ya namna hiyo tusiyajibu kwa neno moja. Tuseme sentensi nzima, "I have never been arrested", na hapo hapabaki shaka.

Ama kuhusu jamaa, hapo ndipo mambo yanapochafuka kabisa. Baba mkubwa ni baba. Ami au baba mdogo naye ni baba. Watoto wao ni ndugu zetu, na anayewaita binamu huonekana anawatenga. Sasa mtu anaandika kwenye fomu kuwa "father" amefariki mwaka 1995, halafu kwenye mahojiano anasema "my father" alimpigia simu mwaka 2010. Fomu inauliza una "brothers" wangapi. Mmoja anaandika watatu wa tumbo moja, dada yake anaandika kumi na mmoja kwa kuwahesabu watoto wa ami. Wote wawili wamesema kweli. Lakini katika maombi ya kuunganisha familia, tofauti kama hiyo inaweza kusomwa kuwa ni njama. Ni bora kusema kwa urefu, "my father's younger brother", hata kama kwetu inasikika kama kumfukuza mtu nyumbani.

Hospitali nako kuna yake. Mkono kwetu unaanzia begani mpaka vidoleni, na mguu ni hivyo hivyo, ilhali Kiingereza kinagawa "arm" na "hand", "leg" na "foot". Daktari anayeambiwa "hand" ataangalia kiganja, na maumivu yako kwenye bega. Halafu tuna neno kusikia. Tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia maumivu. Mtu akimwambia daktari "I hear something in my head", akikusudia kichwa kinamgonga, asistaajabu akianza kuulizwa kama anasikia sauti za watu wasiokuwepo.

Kazini, kwa wale tunaobeba maboksi, kuna tarakimu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tukilitamka "fifteen" kwa mkazo huo huo, Mwingereza anasikia "fifty". Katika mshahara, kodi ya nyumba au idadi ya katoni, hilo si jambo dogo. Zipo tofauti za adabu pia. Mswahili akisema "naomba maji" kwa sauti ya upole ametimiza heshima zote, wala hahitaji kuongeza tafadhali. Akiligeuza kuwa "give me water", msimamizi anamuona hana adabu. Na mwenzetu akianguka, sisi husema pole. Tukisema "sorry" peke yake, anaweza kudhani sisi ndio tuliomuangusha. Tuwe waangalifu zaidi magari yanapogongana.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo madogo na kwamba maofisa wanajua. Wapo wanaojua, na wapo wasiojua. Marekani sheria iitwayo REAL ID Act, ya mwaka 2005, inamruhusu hakimu anayepima ukweli wa muombaji hifadhi kuzingatia tofauti yoyote iliyomo katika maelezo yake, hata kama tofauti hiyo haigusi kiini cha dai lake. Saa, tarehe, idadi ya ndugu, vyote vinaweza kuingia humo.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuondoe haya. Hapa Uingereza anayehojiwa kuhusu hifadhi ana haki ya kupewa mkalimani bila ya malipo, na kumtumia si dalili ya ujinga. Marekani, katika mahojiano kwenye ofisi ya hifadhi, kwa kawaida muombaji huja na mkalimani wake mwenyewe, kwa hivyo achague mtu mzima anayezijua lugha zote mbili na anayejua saa za Kiswahili, si jirani aliyejitolea tu. Na tukumbuke kuwa Kiswahili cha Unguja si kile cha Mombasa wala cha Lubumbashi. Mkalimani akiwa hafahamiki, sema hapo hapo, usisubiri barua.

Pili, saa itajwe pamoja na wakati wa siku, na itajwe tukio lililo karibu nayo: baada ya Isha, kabla ya alfajiri, jua likiwa utosini. Tatu, swali lisilofahamika liulizwe tena. Hakuna anayenyimwa makaratasi kwa kusema "I don't understand the question". Nne, tuombe tusomewe yaliyoandikwa kabla ya kutia saini, na tupewe nakala.

Na sisi tuliosoma tuna wajibu wetu. Tumezoea kumcheka mtu kwa "l" na "r" mbele ya watu, na kicheko hicho ndicho kilichomfanya mama yule aone haya kuomba mkalimani. Kama una mzazi, jirani au rafiki anayekwenda kuhojiwa wiki hii, kaa naye usiku mmoja. Muulize kwa Kiingereza ilikuwa saa ngapi, siku gani, na huyo "he" ni nani. Yanayoteleza yateleze sebuleni kwenu.

Mama wa kisa chetu alipata makaratasi yake mwishowe. Mpaka leo ukimuuliza saa anakupa mbili kwa pamoja, ya Kiswahili na ya Kizungu, na hukuangalia usoni kuhakikisha kuwa umezifahamu zote.