Sabato Nyeusi katika nyumba ya Wasabato
Muziki mzito na sikio la Mgusii: Sehemu ya Tatu

Wiki mbili zilizopita nilieleza gitaa la umeme lilitoka wapi na lilivyoingia katika masikio yetu huku Kisii na Nyamira. Leo natimiza ahadi: nitataja albamu za roki na hevi metali ninazozipenda na zinazoniudhi. Watakaokasirika wajue mapema kwamba mimi si mpiga gitaa. Ni msikilizaji, na sikio langu lilifunzwa kusikiliza na obokano kabla ya kitu kingine chochote.

Kaseti ya kwanza ya muziki huu kufika kwetu, upande wa Keroka, ililetwa na binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Mama aliiona juu ya redio Ijumaa jioni, akiwa mbioni kumaliza kupika na kupiga pasi kabla jua halijatua, kwa kuwa kwetu Sabato huingia Ijumaa magharibi. Akalisoma jalada polepole, silabi kwa silabi. Black Sabbath. "Sabato Nyeusi?" akaniuliza. "Ndani ya nyumba hii?" Kaseti ikaenda kulala ghalani pamoja na mahindi, na sikuiona tena hadi Jumapili.

Baadaye nilijua kwamba jina lile halikuwa na ugomvi wowote na Sabato yetu. Vijana wanne wa bendi hiyo, wa Birmingham, walilichukua kutoka filamu ya kutisha ya Mario Bava ya mwaka 1963, ambayo Boris Karloff alikuwa mmoja wa waigizaji wake. Nilijua pia kwamba albamu yao ya kwanza ilitoka Uingereza tarehe 13 Februari 1970, siku ya Ijumaa. Hilo la Ijumaa sikumwambia mama.

Albamu hiyo inaanza kwa mvua, ngurumo na kengele ya kanisa. Anayeishi katika vilima hivi anajua mvua ya mawe ya alasiri inavyopiga mabati, hata mtu na mwenzake walioketi meza moja wakalazimika kupigiana kelele. Siku moja nilibonyeza kaseti katikati ya mvua ya namna hiyo, na hadi leo siwezi kusema mvua yetu iliishia wapi na yao ikaanzia wapi. Kisha likaingia gitaa: nota tatu tu, nzito, zinazojikokota kama ng'ombe aliyelemewa. Sokoro, babu yangu, alikuwa amejikunyata karibu na moto. Akainua kichwa.

"Huyo anapiga obokano gani?"

"Si obokano, sokoro. Ni gitaa."

"Lina nyuzi ngapi?"

"Sita."

Akafikiri kidogo. "Basi wanapiga kelele kwa sababu ya zile mbili walizokosa."

Kwa msomaji asiyeijua: obokano ni ndugu mkubwa wa nyatiti ya Waluo. Ina nyuzi nane, bakuli pana la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe, na mikono miwili iliyounganishwa kwa kijiti juu. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe; siku hizi ni nailoni. Wataalamu wa muziki wameiita besi ya Afrika Mashariki, na hawakukosea, maana sauti yake inakaa chini kabisa. Lakini uzito peke yake hautoshi kuieleza. Uzi wa obokano hautoi sauti safi. Unavuma, unakwaruza, kama nyuki mkubwa aliyefungiwa ndani ya debe. Mgeni hudhani chombo kimeharibika. Mwenyeji anajua kwamba bila ule mkwaruzo hakuna muziki.

Hapo ndipo obokano na hevi metali zinapokutana, na ndiyo sababu siwaelewi wanaosema muziki huu ni mgeni kwetu. Gitaa la metali husikika vile kwa sababu amplifaya hulazimishwa kubeba sauti kubwa kuliko uwezo wake. Vilele vya wimbi la sauti hukatwa, na katika kukatwa huko huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo uzi haukuzitoa. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks alitaka sauti ya namna hiyo akaichana spika yake kwa wembe. Waafrika wamekuwa wakiitafuta kwa njia zao tangu zamani: Washona wa Zimbabwe hufunga magamba ya konokono au vifuniko vya chupa kwenye mbira ili ilie kwa mkwaruzo. Sauti chafu, kwa hiyo, ni jambo la kukusudiwa.

Kwa kipimo hicho, albamu ninayoiweka juu ya zote ni Master of Reality ya Black Sabbath, ya mwaka 1971. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17. Akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa aliyoiyeyusha, akatafuta nyuzi nyembamba, na katika albamu hiyo akazilegeza nyuzi zake nusu toni tatu katika baadhi ya nyimbo ili zisimuumize. Gitaa likashuka, likawa zito, na kizazi kizima cha wapigaji kikamfuata huko chini. Ninapoisikiliza naona mtu aliyefika kwa ajali mahali ambapo obokano ilikuwa imekaa siku zote.

Na ninayoilaumu zaidi? ...And Justice for All ya Metallica, 1988. Nyimbo zimejengwa kwa ustadi wa fundi wa mawe wa Tabaka, lakini besi haisikiki. Cliff Burton, mpiga besi wao, alikuwa amekufa katika ajali ya basi Sweden mwaka 1986, na Jason Newsted aliyemrithi akarekodiwa kisha sauti yake ikashushwa mno. Wapo wanaoisifu albamu hiyo kwa ukavu wake. Mimi naisikia kama ugali usio na mboga. Nipe Master of Puppets, ya 1986, ambamo Burton bado yupo.

Iron Maiden nawapitia haraka. Powerslave ya 1984 ina wimbo wa zaidi ya dakika kumi na tatu kutoka shairi la Coleridge kuhusu baharia, na aliyezoea tenzi ndefu hatapiga miayo. Ila ni watu wa mbio, na mbio hazinishiki. Queen nao wana wimbo mmoja wa kasi, Stone Cold Crazy, katika albamu ya Sheer Heart Attack ya 1974. Metallica waliurudia, wakapata Grammy mwaka 1991. Aliyeuimba mwanzo, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946.

Roots ya Sepultura, 1996, inanipa taabu. Wabrazili hao walikwenda hadi kijiji cha Waxavante, Mato Grosso, wakarekodi nao. Nawapongeza. Lakini Waxavante wamepewa wimbo wao pembeni, kama wageni waliotengewa meza, na magitaa ya umeme yanangoja hadi wamalize.

Hapa Kenya kulitokea Duma, watu wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, ambao albamu yao ilitoka mwaka 2020 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Msomaji wa Kiswahili atadhani ni yule mnyama wa mbio. Wao walimaanisha giza, kwa Kikuyu. Ngoma ni za kompyuta na mayowe hayapumziki. Kwangu ni ya kasi mno, lakini uchafu wa sauti yake naukubali kabisa. Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, alitoa The Adept mwaka 2024, akimkumbuka nyanya wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefariki mwaka 2023. Mama huyo alikaa na nywele zake za msituni hadi 2022. Mashabiki wa metali wanaojivunia nywele ndefu wapige saluti.

Nao wanaosema vituko vya jukwaani ni vya shetani, wamtazame kwanza Embarambamba, mwimbaji wetu aliyejulikana kwa nyimbo za injili, anavyojiviringisha matopeni.

Mwaka jana rafiki yangu alileta amplifaya ndogo ya gitaa kwa mzee mmoja mpiga obokano, ng'ambo ya Manga. Tukabandika kipaza sauti kwenye ngozi ya bakuli kwa utepe. Rafiki yangu akauliza kama aongeze kitufe cha kuchafua sauti. Mzee akapiga uzi mmoja, ule mnene. Vikombe vikatetemeka mezani, kuku wakatoka mbio, na kitufe kilikuwa bado kwenye sifuri.

"Izime," mzee akasema. "Inanidandia maneno."

Akaendelea kupiga bila umeme, nasi tukasogeza viti karibu.