Pazia usiloweza kulifua lisikae chumbani kwa mtoto

Kwenye nyumba nyingi za mjini mapazia hushushwa sikukuu ikikaribia au mgeni mzito akitarajiwa. Siku nyingine zote yananing'inia palepale, yakipokea vumbi la barabarani, moshi wa jikoni na mikono ya watoto waliotoka kula chapati.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Jumamosi moja kabla ya Krismasi nilipanda juu ya kiti, nikashusha mapazia ya sebuleni na kuyakung'uta mle mle ndani kabla ya kuyatoa uani. Usiku ule mwanangu wa miaka mitano, ambaye ana pumu, alikohoa hadi alfajiri, tumemkalisha kitandani na pampu yake mkononi. Kulipokucha mama mkwe akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, lile vumbi la jana ulilipeleka wapi?"

Sikulipeleka popote. Nililitoa kwenye kitambaa nikalitia hewani.

Huku pwani dirisha hukaa wazi mchana kutwa kwa sababu ya joto. Upepo unapita kwenye wavu wa mbu, kisha kwenye pazia, na vyote viwili vinachuja vumbi kama chekeche. Ndani ya vitambaa huishi utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaokula chembe za ngozi zinazotudondoka. Hawaumi. Kinachomsumbua mwenye pumu au mzio hasa ni kinyesi chao, anapokivuta pamoja na hewa. Wanapenda joto na unyevu, kwa hiyo Dar es Salaam, Tanga na Mombasa ni kama tumewajengea.

Lakini tusilisingizie pazia kila kitu. Wadudu hawa hujaa zaidi kwenye godoro na mito, hivyo shuka na foronya za kila wiki ndizo za kwanza. Wala kufua si dawa: mtoto aliyeandikiwa pampu aendelee nayo kama daktari alivyoelekeza.

Siku ya kufua, mwenye kikohozi acheze kwa jirani. Shusha pazia taratibu, likunje kwa ndani, likung'utiwe nje. Kabla ya kuloweka soma kile kitambulisho kidogo kilichoshonwa pembeni, kama kipo, na toa kulabu zote, maana hutoboa kitambaa na kukwaruza mashine.

Utitiri hufa kwenye maji ya nyuzi 60. Pamba nzito huyavumilia. Kwa makadirio ya nyumbani, sufuria moja ya maji yaliyochemka ukiichanganya na sufuria moja kama hiyo ya maji ya bomba hukufikisha karibu na hapo. Hayo ni maji ya kuunguza, kwa hiyo beseni likae mbali na watoto na ugeuze kitambaa kwa mwiko. Polista na zile pazia nyepesi za kuonyesha hujikunyata kwenye maji ya moto. Zifue kwa maji ya vuguvugu. Hutaua wadudu wote, lakini vumbi na kinyesi chao vitaondoka kwa sehemu kubwa, na hilo tayari ni nafuu.

Pamba mpya husinyaa. Loweka kitambaa na ukikaushe kabla ya kumpelekea fundi cherehani, la sivyo pazia lililogusa sakafu litaishia katikati ya ukuta. Ukianika, geuza upande wa ndani nje ili jua lisile rangi.

Pazia likiwa kwenye kamba, futa wavu wa dirisha kwa kitambaa chenye maji. Wengi tunalisahau hili, tunarudisha pazia safi mbele ya wavu mweusi, na kufika Jumatano limeshakuwa la zamani.

Wakati wa masika kuna jambo jingine: madoa meusi ya ukungu pale pazia linapogusa ukuta wenye unyevu. Jiki husaidia kwenye pamba nyeupe tu, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya kusafishia choo, kwa sababu hutoa gesi inayobana kifua. Lakini ukuta ukiendelea kuvuja, doa litarudi. Zungumza na fundi, au na mwenye nyumba.

Yale mapazia mazito ya tabaka mbili, yanayohitaji watu wawili kuyashusha na dobi kuyafua, sikuyatupa. Yalinigharimu fedha nyingi mno! Yamebaki sebuleni na hufuliwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chumbani kwa mtoto nimeweka kipande cha pamba kinachotosha dirisha tu. Mara moja kwa mwezi kinashuka asubuhi, na jioni kimeshakauka na kurudi mahali pake.