Nyumba inayojiendesha: faida ni ya nani, na sitara iko wapi?

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyetujaalia majumba yetu kuwa mahali pa utulivu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa, alinijia kijana mmoja anayefanya kazi Muscat, aliyekuwa likizoni. Mama yake ni mtu mzima anayeishi Tanga pamoja na mjukuu na binti wa kazi. Kwa mapenzi ya mwana kwa mzazi wake, kijana huyu alifunga nyumbani hapo kamera nne: getini, uani, sebuleni na ukumbini. Akaongeza taa zinazowashwa kwa simu, na kitasa kinachofunguliwa kwa simu. Gharama yake ilikuwa akiba ya miezi kadhaa.

Aliporudi kazini, kila alipofungua simu yake hakuona mtu uani wala sebuleni. Mama alikuwa akishinda chumbani. Alipompigia kumuuliza kulikoni, mama alimjibu: "Mwanangu, ua wangu umekuwa barabara." Basi kijana akaniuliza: "Sheikh, nimetumia fedha nyingi ili mama awe salama, na sasa hana raha. Je, vitu hivi vina thamani au nimepoteza mali yangu?"

Swali hili si la kijana huyu peke yake. Maduka yetu ya vifaa vya umeme yamejaa taa, vitasa, kengele za milango, kamera na spika zinazopokea amri kwa sauti, vyote vikiunganishwa na intaneti. Wengi wananunua, na wachache wanapima.

Kwanza tuelewane katika msingi. Asili ya vitu vya kidunia ni ruhusa mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Taa inayowashwa kwa simu si haramu, wala kamera si haramu kwa dhati yake. Kinachotakiwa kwa mwenye akili ni kupima maslahi na madhara. Nami nilimwambia kijana apime kwa maswali manne.

Swali la kwanza: ni haja ipi inayokidhiwa?

Mzee asiyeweza kuinuka kitandani, akawasha taa kwa kutamka neno, amepata msaada mkubwa. Vivyo hivyo kipofu, au mgonjwa anayebonyeza kitufe na mwanawe akapata habari. Hapa kifaa kimeondoa dhiki ya kweli.

Lakini haja nyingi zina tiba nyepesi. Pampu inayojaza tangi mpaka maji yakamwagika inazuiwa na swichi ya boya, isiyohitaji intaneti. Giza la getini linaondolewa na taa ya umeme wa jua inayowaka mtu akipita. Aidha, tusiazime hesabu za wenzetu. Huko Ulaya na Marekani, mojawapo ya faida zinazotajwa sana ni kifaa kinachopunguza moto wa kupashia nyumba joto wakati watu hawapo. Faida hiyo ina maana kwa watu wenye baridi kali. Sisi wa mwambao hatupashi nyumba joto, basi akiba hiyo haituhusu. Na mali inayotumika pasipo haja, hata ikiwa katika jambo la halali, inaingia katika israfu tuliyokatazwa.

Swali la pili: umeme na mtandao vikikatika, nyumba itakuwaje?

Yafaa kufahamu jinsi vifaa hivi vinavyofanya kazi. Aghalabu, unapobonyeza simu ili taa iwake, amri haiendi moja kwa moja kwenye taa. Hupita kwenye ruta, ikasafiri mpaka kwenye kompyuta za mtengenezaji zilizo nchi ya mbali, ndipo ikarudi kwenye taa iliyo juu ya kichwa chako. Vipo vifaa vinavyomaliza kazi ndani ya nyumba bila safari hiyo, na hivyo ni bora kwetu.

Nasi tunaijua hali yetu. Kisiwa cha Unguja kilikosa umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya hitilafu katika njia ya umeme unaotoka bara. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Siku kama hiyo, mama wa Tanga atafungua mlango kwa nini? Kitasa kisicho na ufunguo wa kawaida hakifai kwa mlango wa mtu mzima anayeishi bila kijana wa kumsaidia.

Swali la tatu: ni nani mwenye mamlaka juu ya kifaa?

Tumezoea kwamba aliyenunua ndiye mwenye mali. Katika vifaa hivi, mnunuzi humiliki chombo, na mtengenezaji hubaki na roho yake. Kulikuwa na kifaa kiitwacho Revolv, kilichouzwa kwa takriban dola 300 za Marekani, cha kuunganisha taa na vitasa vya nyumba. Kampuni yake ilinunuliwa na Nest mwaka 2014, na Mei 2016 huduma yake ikazimwa. Kilichobaki mikononi mwa wateja ni kisanduku kisichofanya kazi. Aprili 2022, kompyuta za kampuni ya Insteon zilizimwa bila taarifa, na wateja wakahangaika mpaka baadhi yao walipoinunua kampuni hiyo na kuihuisha. Na Oktoba 25, 2025, Google iliviondoa kwenye huduma yake ya simu vidhibiti joto vya Nest vya matoleo mawili ya mwanzo. Vikabaki kuendeshwa kwa mkono ukutani.

Linganisha na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mingine imepita umri wa miaka mia, na haikuhitaji idhini ya fundi aliyeichonga ili ifunguke leo. Sisemi turudi huko. Nasema mnunuzi aulize: kampuni hii ikifungwa kesho, nitabaki na nini?

Swali la nne, nalo ni zito kuliko yote: sitara ya wakaao ndani i salama?

Qur'an Tukufu, katika Surat An-Nur, imeamrisha tusiingie nyumba za watu bila idhini. Sura hiyo hiyo ikataja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani waombe ruhusa: kabla ya swala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya swala ya Isha. Imepokewa pia katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu la mlango wa Mtume (S.A.W.). Mtume alimkemea kwa ukali, akabainisha kuwa kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya jicho. Sasa ndugu yangu, kamera ya sebuleni ni nini kama si tundu la mlango lisilozibwa usiku wala mchana?

Huenda ukasema: anayetazama ni mwanawe tu. Huna hakika hiyo. Mei 2023, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani (FTC) iliishitaki kampuni ya kamera za nyumbani ya Ring. Miongoni mwa madai yake ni kwamba mwaka 2017 mfanyakazi mmoja alitazama maelfu ya picha za video za wateja wanawake, zikiwemo za vyumba vya kulala na bafu. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8 kumaliza shauri hilo. Na Oktoba 2016, kamera na ruta nyingi za majumbani, ambazo wenyewe waliziacha na nywila za kiwandani, zilitekwa kwa programu iitwayo Mirai na kutumiwa kuvuruga intaneti, hususan nchini Marekani. Wenye nyumba hawakuwa na habari.

Wala tusimsahau binti wa kazi. Naye ana heshima yake, na nyumba hiyo ndiyo anamolala. Jirani naye ana haki: kamera ya geti lako isitazame dirisha lake.

Hata hivyo, uadilifu unataka tuseme kwamba kamera imewafichua wezi na waliotesa watoto. Basi ifungwe panapohitajika: getini, ikitazama njia ya kuingilia. Isiwekwe vyumbani, ukumbini wala uani wanapopumzika wanawake. Wote wakaao humo waambiwe ilipo. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ile ile, na ikiwezekana picha zihifadhiwe ndani ya nyumba, katika kadi ya kumbukumbu. Na anayeanza anunue kifaa kimoja, akitumie miezi michache, ndipo aamue la pili.

Nilipomaliza, nilimuuliza kijana swali la tano: "Mama yako ulimuuliza alichohitaji?" Aliinamisha kichwa. Hakumuuliza.

Alikwenda Tanga akamuuliza. Mama alitaka vitu viwili: taa kwenye njia ya kwenda msalani usiku, na mwanawe ampigie simu kila baada ya Magharibi. Kamera tatu za ndani zimeondolewa, ya getini imebaki, na kitasa cha ufunguo kimerudishwa. Nimepata habari kuwa mkeka umetandikwa tena uani.

Basi ndugu zangu, thamani ya kifaa cha nyumbani haipimwi na aliyekilipia wala na aliyekiuza. Apime yule atakayelala na kuamka nacho, naye aulizwe kabla fundi hajatoboa ukuta.

Tunamuomba Allah (S.W.) azisitiri nyumba zetu, awape wazazi wetu utulivu ndani yake, na atujaalie hekima katika matumizi ya mali zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.